Wingu Lisilo na Pagume

Zenebech Woldeyes aliapa mara moja tu maishani mwake, na kiapo chenyewe alikila ndani ya chumba cha mashine, brashi mkononi, nywele zimejaa vumbi la manyoya ya kuku. Alisema Surafel atazisoma zile kurasa alizozichana. Atazisoma kwa sauti, mbele ya watu, na jina la aliyeziandika atalitaja kwanza. Hakuapa kumpiga wala kumroga. Sisi wa Bishoftu tukitaka kumkomesha mtu hatumwendei mganga, tunamsubiri.

Na kusubiri Zenebech alikujua. Mama yake alipika mikate ya injera ya kuuza, na mtoto aliyekulia pembeni ya unga unaochachuka siku tatu hafundishwi subira na mtu.

Aliingia kwa Gashe Bezuneh akiwa na miaka ishirini na minne, kazi yake kuchapa barua. Gashe Bezuneh, na Gashe ni jina la heshima kwa mwanaume mkubwa, ndiye mwenye kampuni ya kuku, mzee aliyeanza na vifaranga mia kwenye ua wa mama mkwe wake, na leo malori yake yanashusha kuku na mayai mpaka Addis. Mwaka mmoja ikaletwa seva, ile mashine ya kutunza kumbukumbu zote: mayai yaliyotagwa, vifaranga waliototolewa, oda za mawakala. Aliyeileta akaifunga, akanywa kahawa yake, akaenda zake bila kumfundisha mtu. Zenebech akakaa na kitabu cha maelekezo neno kwa neno mpaka wakaelewana, yeye na mashine. Akaitunza miaka kumi na minane.

Chumba cha mashine kilikuwa ukuta kwa ukuta na banda la vifaranga, kwa sababu hapo ndipo waya wa jenereta ulipoishia. Vumbi la manyoya lilipenya kila tundu. Kila Jumamosi Zenebech alimfungua mgonjwa wake, akampiga brashi, akatoa konzi nzima ya manyoya laini kama pamba. Hata hivyo mashine mbili zilimfia mikononi, na ya tatu ilikuwa imeanza kukohoa. Ndipo alipoanza kuandika mpango wa kuhamia kwenye wingu.

"Wingu?" Gashe Bezuneh alicheka siku alipoelezwa. "Binti yangu, hapa mawingu yanatupiga mvua ya mawe, nawe unataka niyakabidhi kuku wangu?"

"Si wingu la juu, Gashe. Ni mashine kubwa za watu, ziko mbali, zina ubaridi wake, hazina manyoya. Sisi tunapanga chumba humo, tunaingia kwa intaneti. Moja ikifa, nyingine inashika kazi."

"Na intaneti ikikatika?"

"Liko ukurasa wa ishirini na mbili."

"Na hao wenye mashine wakitugeuka?"

"Liko ukurasa wa ishirini na sita."

Mzee akamtazama, akamwambia amalizie kuandika, atausoma.

Aliuandika miaka mitatu, kwenye meza ya jikoni kwake, akitoka kazini. Kurasa arobaini. Na haukuwa mpango wa kubahatisha. Zihame kwanza kumbukumbu za mayai, kwa sababu zikipotea kuku watataga tu. Zifuate za vifaranga. Oda za mawakala zihame mwisho kabisa, na zisihamishwe kamwe kabla ya mwaka mpya, maana siku hizo ndizo za kuuza jogoo, nyumba nzimanzima zinamsubiri jogoo mwekundu wa doro wat, mchuzi wa kuku wa sikukuu. Mashine ya zamani isizimwe, iende sambamba na wingu mwaka mzima, mpaka wingu limeonja kila sikukuu. Laini za intaneti ziwe mbili, zipite barabara mbili, kwa sababu wachimba barabara wetu hawajawahi kuuona waya wakauacha.

Ukurasa wa thelathini na moja ulihusu Pagume. Zenebech aliandika kwamba fomu za watu wa wingu zina visanduku kumi na viwili vya miezi, na sisi miezi yetu ni kumi na mitatu. Baada ya siku thelathini za Nehase huja Pagume wa siku tano, mara nyingine sita, ndipo uingie Meskerem na mwaka mpya. Pasipochongwa kisanduku cha kumi na tatu, wingu litaruka kutoka Nehase mpaka Meskerem, na kuku wa sikukuu watakosa siku ya kutoka. Ukurasa wa thelathini na mbili ulisema cha kufanya iwapo mfumo wowote utakataa oda. Alipoumaliza wa arobaini aliweka kalamu chini, alijimiminia kahawa peke yake, akajipongeza.

Sasa aje Surafel. Huyu ni mtoto wa dada yake Gashe Bezuneh, alitoka Addis na viatu ambavyo hapa havikukaa siku mbili bila tope. Alimfuata Zenebech mlangoni kwa adabu zote.

"Etiye Zenebech," alisema, akimwita kwa heshima kama dada yake mkubwa, "nasikia una mpango. Niazime niupitie Jumapili hii, niongeze mawili matatu, tumpelekee mjomba pamoja."

Akampa. Hapo hata mimi namlaumu, lakini mtu aliyefanya kazi peke yake miaka kumi na minane akiitwa "pamoja" mara moja tu, akili humtoka.

Wiki mbili baadaye aliitwa kwenye kikao cha wakubwa, si kukaa, bali kuunganisha ile mashine ya kumulika picha ukutani iliyokuwa inasumbua. Akaiunganisha. Ukutani ukatokea mpango wake. Mchoro wake wa malori, aliouchora kwa rula ya shule, ulikuwepo. Mayai kwanza, vifaranga pili, vyote vilikuwepo. Juu kabisa pameandikwa: Mpango wa Ato Surafel, yaani Bwana Surafel. Zenebech alibaki na waya mkononi. Kurasa zikapita moja moja, thelathini, halafu thelathini na tatu.

"Samahani," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Ukurasa wa thelathini na moja uko wapi?"

Surafel hakugeuka. "Tuliuondoa. Tunaongelea wingu hapa, mama, wewe unatuletea kalenda ya mashemasi. Siku tano hizo tutazibandika popote. Na oda tunahama nazo sasa hivi, mwezi huu wa Sene, hatusubiri mwaka mpya."

"Wingu halijui Pagume. Lisipofundishwa..."

"Dunia nzima ina miezi kumi na miwili na inaendelea vizuri tu. Wewe si unajua kumkata kuku wa doro wat? Vipande vingapi?"

Kila mtu pale alijua ni vipande kumi na viwili, na mwanamke asiyeweza kuvifikisha huchekwa mpaka kaburini.

"Kumi na viwili," Surafel alijijibu. "Basi kumi na mbili inatosha. Nenda kakate kuku."

Wakacheka. Gashe Bezuneh hakucheka, lakini alitabasamu, na tabasamu hilo ndilo Zenebech alilolibeba mpaka chumba cha mashine, akalilia huko, kisha akala kile kiapo.

Usishangae wakubwa wote wale kuisahau Pagume. Mtu wa mshahara huisahau kirahisi. Mishahara yetu ni ya miezi kumi na miwili, zile siku tano tunafanya kazi ya sadaka, na mwezi usio na malipo hukaa pembeni kichwani kama mgeni asiyeleta kitu. Wanaoikumbuka Pagume ni wauza kuku, wauza siagi, na wanawake wanaomenya vitunguu.

Zenebech aliandika barua. Alitaka kesho asije mtu akasema hakuonya. Akaziambatisha nakala za zile kurasa mbili zilizochanwa, akapeleka mezani kwa Surafel, akasimama hapo mpaka akajibiwa. Surafel akachukua muhuri, akaugonga juu ya ile nakala, akaandika: Imeonekana. Haihusiki. Akatia sahihi. Zenebech akaikunja, akaitia kwenye mkoba, na haikutoka humo mpaka siku yake ilipofika.

Wiki hiyohiyo akahamishiwa lango la nyuma, kuhesabu kreti zinazotoka. Katikati ya Hamle, mwezi uliofuata, akaitwa kuizima mashine ya zamani, maana hakukuwa na mwingine aliyejua inavyozimwa. Akauvuta waya kwa mkono wake mwenyewe. Mashine ikaguna kidogo, ikanyamaza, na jioni hiyo wanunuzi wa vyuma chakavu wakaipakia juu ya magunia. Brashi akaenda nayo nyumbani.

Basi wingu likaanza kazi, na tuseme ukweli, lilifanya kazi. Mawakala waliingiza oda kwa simu, malori yalitoka na orodha zilizonyooka, Surafel akapigwa picha na vyombo vyake. Miezi miwili Zenebech alikaa langoni akisikia wingu linasifiwa, na kila sifa ilimwingia kama mwiba wa samaki. Wakati mwingine aliogopa. Hakuogopa kuku kukwama. Aliogopa kwamba Surafel angekumbuka. Kila asubuhi alifungua simu yake, akatazama orodha ya miezi. Meskerem mpaka Nehase, kumi na miwili. Roho ikamtulia, akanywa chai.

Walikuwepo aliowapenda kati ya mawakala, na wa kwanza wao ni Etalem. Etalem alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, mwanamke wa miaka sitini anayeuza kuku katika soko la sikukuu, Pagume tatu na nne, na faida ya siku hizo mbili ndiyo iliyomfikisha Pasaka. Mumewe, Gashe Demisse, alimchinjia Zenebech jogoo kila sikukuu. Kwetu mwanamke hachinji. Mwanamke asiye na mume wala kaka husimama mlangoni na kuku wake mpaka apite mwanaume mwenye huruma, lakini Zenebech hakuwahi kusimama mlangoni, kwa sababu Gashe Demisse alikuja mwenyewe, kisu kwenye gazeti, akiuliza, "Yuko wapi mhalifu?"

Katikati ya Nehase, mfungo wa Filseta ulipokwisha, Etalem alisimama langoni na kreti zake tupu.

"Zenu, mdogo wangu, mwaka huu oda za sikukuu tunaandika wapi? Zile za Pagume."

"Kwenye simu, Etiye. Ato Surafel ndivyo alivyosema."

"Basi kama wewe umeridhika, mimi ni nani?"

Akaenda zake. Zenebech alimtazama mpaka alipokata kona, na siku hiyo alipotoka kazini alipitia dukani akanunua daftari jipya, la kurasa mia.

Gashe Bezuneh alikuwa na desturi yake: oda za sikukuu hazifunguliwi kabla ya Pagume mosi, saa kumi na mbili asubuhi, ili mtu asijitwalie jogoo wote tangu Nehase. Asubuhi hiyo mawakala wote walishika simu. Walitafuta Pagume, hawakuiona. Aliyechagua Nehase aliambiwa siku imepita. Aliyechagua Meskerem alipokelewa vizuri, akashukuriwa, na oda yake ikapangiwa lori la Meskerem mbili, sikukuu ishapita na watu wanatafuta dawa ya tumbo. Kufika saa mbili walikuwa wamejaa lango la nyuma, maana lango la mbele lina walinzi, la nyuma lina Zenebech.

"Hili wingu lenu limekula mwezi!" alipiga kelele mmoja wao kutoka nyuma.

"Mje kwenye mstari," Zenebech alisema. "Jina, mahali, jogoo wangapi, siku gani."

Akafungua daftari. Mstari wa kwanza: Etalem, soko la sikukuu, jogoo wekundu sitini, Pagume tatu. Waliandikwa mpaka saa nane mchana, na kila aliyeandikwa aliondoka mwepesi. Akiandika Zenebech, walisema, kuku wapo. Walimwamini kwa miaka kumi na minane iliyopita, wala hawakuwa wajinga kumwamini. Jioni akalifunga daftari, akalitia kwenye mkoba, pamoja na barua yenye muhuri, akaenda nalo nyumbani.

Siku ya pili Surafel alipita langoni, simu sikioni, anabishana na watu wa ng'ambo wenye wingu. Alikuwa ameshawaambia wakubwa kwamba ni intaneti. Alipokata simu aliona foleni.

"Unaandika nini wewe?"

"Naandika."

"Makaratasi tena. Tumetoka huko, mama. Mfumo uko sawa, hawa watu wenu ndio washamba, hawajui kubonyeza. Waambie waingize upya."

Zenebech aliweka kiganja juu ya daftari. Angeuliza tu, alijiambia baadaye, angesema "Etiye, ni nini hicho," ningempa palepale. Lakini Surafel hakuuliza. Alikwenda zake akiruka madimbwi, na Zenebech akasikia raha ambayo hajawahi kuisikia, hata siku mashine ya kwanza ilipomtii. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na yeye alikuwa amekaa juu ya kimya chake kama kuku juu ya mayai, anaona joto linapanda.

Pagume tatu ni ya Mtakatifu Rufael, na mvua ya siku hiyo ina baraka. Ilinyesha. Watoto walivuliwa nguo wakaoga barabarani, na mawakala walisimama langoni wameloa kwa baraka hizo, hakuna lori lililotoka. Ndani jogoo elfu nyingi walikuwa wanawika, wamenona, hawana orodha. Etalem alikuja mbele, shuka lake jeupe limemganda kichwani.

"Zenu. Soko limefunguliwa tangu asubuhi. Meza yangu iko tupu. Jina langu ulilipeleka?"

"Limeandikwa, Etiye."

"Najua limeandikwa. Nakuuliza limepelekwa?"

"La kwanza kabisa. Mstari wa kwanza."

Etalem alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mvua. Nimeshawahi kumsikia mtu akimtetea Zenebech kwa kusema hakudanganya hapo. Kweli hakudanganya.

Pagume nne asubuhi Gashe Bezuneh akarudi kutoka Addis, alikokuwa kwa binti yake. Alikuta malori yamelala na watu wamejaa mpaka ghala la chakula cha kuku. Akaagiza wote waje uani, wafanyakazi na mawakala, akapanda juu ya ngazi ya ghala.

"Sitaki kujua wingu limefanya nini," alisema. "Nataka mtu mmoja aniambie kuku wa nani ni wangapi na wanakwenda wapi."

Watu wakamtazama Surafel. Surafel alitazama simu yake. Viatu vyake siku hiyo vilikuwa na tope kama vya watu wengine.

Zenebech aliinua daftari juu ya kichwa. Akalishikilia hapo mpaka watu wote wakageuka.

"Ziko hapa zote," alisema. "Nitatoa, Gashe. Lakini kwanza Ato Surafel atatusomea kitu. Ni kurasa mbili tu, muhuri ni wake na sahihi ni yake."

"Mama, kuku wanasubiri," Surafel alisema.

"Wamesubiri siku tatu, watasubiri kurasa mbili. Soma. Anza na jina la aliyeandika."

Gashe Bezuneh alimnyooshea mpwa wake kidole. Surafel akaipokea karatasi. Akaikunjua, na Zenebech akamhesabia kila mkunjo.

"Umeandikwa na Zenebech Woldeyes," Surafel alisoma.

"Sauti."

"Umeandikwa na Zenebech Woldeyes!"

Akasoma ukurasa wa thelathini na moja. Visanduku kumi na viwili, Pagume, wingu litaruka, kuku wa sikukuu watakosa siku ya kutoka. Kila sentensi ilipokwisha, mawakala waliguna. Aliposoma muhuri wake mwenyewe, "Imeonekana, haihusiki," kicheko kilichopanda kilikuwa kikubwa kuliko kile cha kikao mara kumi, na Zenebech alikinywa chote. Alimtafuta Gashe Bezuneh kwa macho, akaona mzee ameinamisha kichwa. Lile tabasamu la mwezi wa Sene alikuwa ameshalipiwa.

"Inatosha sasa?" Surafel aliuliza.

Angesema inatosha. Lakini utamu una wakati wake wa kuachwa, na mwenye kiu ya siku mia haujui.

"Zipo mbili," alisema. "Soma mpaka mwisho."

Surafel akageuza karatasi. Ule wa pili hakuwahi kuusoma. Alikuwa amezichana zote mbili kwa mvuto mmoja. Akasoma polepole, kwa mara ya kwanza, kama mtu anayesoma barua isiyo yake. "Ukurasa wa thelathini na mbili. Siku mfumo ukikataa oda, mlinzi wa lango aziandike kwenye daftari. Daftari hilo lifikishwe ofisini kila jioni, kabla ya saa kumi na mbili, ili wakala yeyote asikose kuku kwa kosa la mashine wala kwa ugomvi wa watu."

Akaurudia ule mstari kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akainua uso, na Zenebech akaona kwamba ameelewa, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameusahau.

"Kila jioni," Surafel alisema taratibu. "Ndivyo ulivyoandika, Etiye."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Etiye tangu alipoazima mpango. Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wanaanza kuhesabu, jioni ya mosi, ya pili, ya tatu, na vichwa vikageuka kimoja kimoja kuelekea lile daftari lililokuwa bado juu.

"Tangu lini unalo?" Gashe Bezuneh aliuliza.

"Tangu Pagume mosi, Gashe."

"Lililala wapi?"

"Kwangu."

Mzee akashuka ngazi, akalichukua daftari mkononi mwake, akalifungua, akawapa madereva. Saa moja haikupita malori yakaanza kutoka. Hukumu aliitoa amesimama, kama mtu anayeagiza chakula. Surafel lango la nyuma, kuanzia kesho. Zenebech ofisini, kwenye kiti cha Surafel, akachonge hicho kisanduku cha kumi na tatu.

"Asante, Gashe."

"Usinishukuru," alisema Gashe Bezuneh. "Yule hakujua, akakosea. Wewe ulijua. Nakurudisha kwa sababu hakuna mwingine anayeiweza kazi, usije ukadhani ni zawadi."

Jogoo sitini wa Etalem walifika sokoni alasiri, watu washanunua, wauzaji wanakunja maturubai. Aliuza saba. Aliobaki alirudi nao nyumbani kwa mkokoteni, akapita mbele ya mlango wa Zenebech, ambaye alikuwa ametoka kumpokea.

"Etiye, nitakusaidia kuwauza. Nitaongea na Gashe."

"Yule mpumbavu angeninyima kuku kwa upumbavu wake, ningemsamehe," Etalem alisema. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa amechoka tu. "Wewe uliniandika mstari wa kwanza, ukalala nami chini ya mto siku tatu. Umemchinja Surafel, Zenu, sawa, alistahili. Lakini umemchinja kwa kisu changu." Akasukuma mkokoteni wake akaingia ndani.

Siku ya tano, kuamkia mwaka mpya, Zenebech alimenya vitunguu tangu asubuhi. Alivikaanga mpaka vikawa vyeusi bila tone la maji, akatia pilipili ya berbere, akachemsha mayai kumi na mawili. Jogoo alikuwa mlangoni, mwekundu, amefungwa mguu kwa kamba. Saa tisa Gashe Demisse alikuwa hajaja. Ng'ambo ya ukuta alimsikia akichinja wa kwake, akisema kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akamsikia akinawa mikono, akasikia mlango ukifungwa. Saa kumi na moja akamchukua jogoo kwa miguu, akasimama naye mlangoni kwake, kwa mara ya kwanza maishani.

Walipita wanaume wengi, wamebeba majani ya kutandaza sakafuni na mashada ya maua ya manjano. Walimsalimia, heri ya mwaka, wakapita. Bishoftu si mji mkubwa. Mwisho akatokea Surafel, anatoka zamu yake ya kwanza langoni, anatembea kwa miguu. Akasimama. Akamtazama jogoo, akamtazama yeye.

"Etiye, nikuchinjie?"

Zenebech alimchunguza usoni aone kama anamcheka. Hakuona kicheko, na hilo likamuuma zaidi. Mtu uliyemwangusha akikuonea huruma, umemwangusha bure.

"Pita zako," alimwambia.

Surafel akapita. Ukimwuliza Zenebech leo atakuambia angerudia yote, kasoro ule ukurasa wa pili tu. Usiku wa sikukuu alikula mchuzi na mayai, kwa injera, bila kipande hata kimoja cha nyama. Mwaka mpya uliingia kwa jogoo wake kuwika uani, na ng'ambo ya ukuta jogoo hamsini na watatu wa Etalem wakamwitikia.